Wanafaulu kwenye mdoli wa mazoezi, leba ambu (mfuko wa kukamua wa kumpumulisha mtu) inawashinda. Mnafundishaje?

mkufunzi_skillslab
Habari zenu wakuu. Nafundisha diploma ya uuguzi na ukunga, darasa lina wanafunzi 58 na skills lab ina midoli miwili ya mtu mzima na mmoja wa kichanga. Kwenye mtihani wa vitendo wanafanya vizuri, hatua zote wanazo kichwani, ila wiki iliyopita nilikuwa nao leba, mtoto kazaliwa halii, mwanafunzi wangu mzuri kabisa akashika ambu anakamua anakamua kifua hakipandi, hewa inavujia pembeni ya maski. Mkunga wa zamu akaichukua akaweka kichwa sawa, akapumulisha, mtoto akalia. Tangu siku hiyo silali vizuri. Wapi nakosea?

mkunga_wa_leba
Pole mwalimu wangu. Hapo ni maski na kichwa, ambu haina shida. Wengi wanaikandamiza maski usoni wakati inatakiwa taya ndo ivutwe juu iifuate maski. Gumba na kidole cha shahada vinafanya C juu ya maski, vile vitatu vinashika mfupa wa taya, nasema mfupa, ukibonyeza nyama laini chini ya kidevu unasukuma ulimi unaziba njia mwenyewe. Na kichanga usimkunje shingo nyuma sana, akae kama ananusa kitu, kisogo chake kikubwa kwahiyo weka kitambaa kidogo chini ya mabega. Pumzi kama 40 kwa dakika, macho yawe kifuani muda wote, wengi wanaitazama ambu.

mtu_wa_usingizi
Naongezea upande wa watu wazima. Wanafunzi wakija thieta wote wanataka kuweka tyubu ya kupitisha hewa kooni, mie nawaambia tyubu baadaye, kwanza nioneshe unampumulisha mgonjwa kwa maski kifua kinapanda. Mgonjwa wa upasuaji wa kupangiwa akishalala kwa dawa ya usingizi ndo darasa zuri kuliko mdoli wowote, na mimi niko pembeni yake. Mwenye mkono mdogo ashike maski kwa mikono miwili mwenzake akamue, hiyo sio aibu na mtihani usimkate maksi kwa hilo. Airway ya mdomoni, kile kifaa cha kuzuia ulimi usizibe njia ya hewa, wapime toka pembe ya mdomo hadi pembe ya taya, kila mara, wasikadirie kwa macho.

nesi_wa_manyara
Mwalimu, hilo lilishatokea hospitali ya Haydom huku Manyara. Mwaka 2010 watumishi walifundishwa siku moja mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua, kwenye mdoli wakawa wazuri, lakini walipofuatiliwa leba utendaji haukubadilika. Baadaye wakaweka mazoezi mafupi palepale kazini, dakika 3 mpaka 5 kila wiki, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kuzaliwa vikashuka toka kama 11 hadi kama 7 kwa kila watoto 1,000. Kwahiyo hao 58 usiwapange foleni siku moja kila mtu apate zamu moja halafu basi. Kidogo kidogo, mara nyingi.

mkufunzi_skillslab
Asanteni sana, hiyo ya mfupa wa taya nilikuwa siisemi kabisa. Kesho naenda kumuomba metroni tuuhamishie ule mdoli wa kichanga leba, kila mwanafunzi akiripoti zamu aanze nao. Ila nani anakaa na ufunguo usiku?

mkunga_wa_leba
Usiufungie. Sisi uko juu ya meza pembeni ya kile cha kumpashia mtoto joto, na ambu yake ya mazoezi tumeiandika kwa maka nyekundu isichanganyike na ya watoto.