Mrejesho: yule aliyeambiwa na mkewe hana shukrani

Wapendwa, mwezi uliopita niliwauliza: mke wangu, Mganda, analalamika kwamba sina shukrani, na mimi kila usiku namshukuru Mungu kwa ajili yake. Mama mmoja akanijibu, "Mungu amesikia. Yeye je?" Iliniuma.

Jumatatu nilirudi kutoka gereji Katwe, hapa Kampala, nikamkuta anafungua matoke, majani ya mgomba yanafuka mvuke, anapuliza vidole vilivyoungua. Nikasema kwa Kiganda, "Webale kufumba", asante kwa kupika. Akageuka. "Umekopa pesa za nani?"

Nilitahayari. Miaka sita nakula na kunyanyuka tu, na hapa Buganda hata mpita njia akikukuta unalima hukwambia "webale emirimu", asante kwa kazi, wala hakujui!

Siku ya tatu nilimtajia jambo moja: alivyouza gomesi yake mpya, lile vazi la heshima la wanawake wa Kiganda, tukalipa ada ya mtoto. Sikuwahi kulisema. Akanyamaza, kisha akaniongezea mchuzi wa karanga bila kuniuliza.

Wale wakoma kumi wa Luka 17, siku zote nilijiona yule Msamaria aliyerudi kushukuru. Kumbe nilikuwa na wale tisa.

Bado kaka yangu aliyenisomesha. Tuligombania kiwanja, na ujumbe wa kumshukuru nimeuandika mara mbili nikaufuta. Jumapili baada ya ibada nitampigia. Mniombee, maana yule bwana simu yangu hapokei kirahisi.