Tupeane uzoefu: zile muvi za zamani za TV tulizozicheka hadi mwisho

Wa_Bondeni
Wakuu, jana nimemkuta kijana wangu anatazama Duel kwenye simu, ile ya lori kuukuu linalomwinda mtu barabarani. Ametia vitu masikioni, yuko kimya, peke yake. Roho iliniuma. Hiyo muvi sisi tuliiona hapa Nakuru chumba kimejaa hadi juu ya meza, na lori likitokea tu mtu anapaza sauti: "Dere, ingia Gilgil unywe chai lipite!" Hakuna aliyeshika jina la mwigizaji, lakini nani alisema nini tunakumbuka hadi leo.

Leteni zenu. Nataka zile zilizotengenezewa televisheni kule Marekani, pesa kidogo, siku chache, damu ya rangi. Hiyo ya lori ilionyeshwa ABC 1971, Spielberg akiwa na miaka 24, dakika 74 basi. Ni muvi kali, na bado tuliicheka.

Omera_Kondele
Umenigusa pabaya. Kondele kiingilio kilikuwa shilingi tano, benchi la mbao, deki imefungiwa kwenye kabati la chuma. Mimi nakumbuka ile giza. Staringi anashika kitasa cha mlango, muziki unapanda, DUUUM, skrini nyeusi. Tumeshikana mikono. Picha inarudi: ni paka. Baada ya muda, duuum tena, giza, kumbe ni shangazi yake amekuja na keki.

Nilikuja kuelewa ukubwani. Kule kwao hapo ndipo matangazo yalikuwa yanaingia, kwa hivyo lazima wakutishe ndio usibadilishe kituo. Kaseti ikifika Kisumu matangazo yameshakatwa, kitisho kimebaki peke yake. Sisi tulikuwa tumeshaijua njia. Muziki ukianza kupanda, chumba kizima: "Pakaaa!"

Nyar_Alego
Pakaaa! Haki nimecheka ndani ya matatu, makanga ananikodolea macho.

Mwana_wa_Shinyalu
Ya nyuki je? The Savage Bees, 1976. Nyuki wauaji wamevamia New Orleans, na mwisho kigari cha Volkswagen kimefunikwa na nyuki, dada yumo ndani, wanakiingiza Superdome, wanashusha baridi hadi nyuki wanalegea. Mjomba wangu alikuwa na mizinga. Alisimama mbele ya TV akitukana: "Uwanja mzima? Si mwambie awashe moshi!"

Kijana_Free_Area
Nyuki hawalegei kwa baridi, hiyo ni uongo wa muvi.

Mwana_wa_Shinyalu
Nenda Timboroa alfajiri kwenye ile baridi ufungue mzinga halafu uje utuambie.

Binti_wa_Chwele
Mniruhusu niandike ndefu. Kwetu stima haikuwa imefika. Baba alikuwa na pikapu, na kaka zangu walikuwa na mchezo wao: mzee akilala, betri inatolewa polepole, inaletwa jikoni, inafungwa kwa TV yetu ndogo ya Great Wall, ile ya nyeusi na nyeupe. Vijana wa maboma ya karibu wanajaa. Mmoja yuko nje anazungusha mti wa antena: "Hapo! Umepitisha! Rudi!" Chenga zikipungua, tunaanza.

Usiku huo ilikuwa ya ndege. Rubani amezirai, abiria ndiye anashika usukani. Kile kindege unaona kabisa ni cha kuchezea, kinaning'inia kwa uzi, na uzi wenyewe unang'aa. Tunacheka tumeziba midomo mzee asisikie. Kaka mkubwa ndiye rubani: "Abiria wa Kimilili sogeeni mlangoni, hapa hatusimami sana."

Tukasikia mtu analia nyumba ya pili. Wifi yangu, mimba ya kwanza, uchungu umemshika kabla ya wakati. Mama akatoka na taa anamwita Baba awashe gari. Baba akazungusha ufunguo, kimya. Akazungusha tena. Akafungua boneti, akamulika tochi, akaona waya mbili zinaning'inia.

Baba alikuwa mtu wa kufoka. Siku hiyo hakufoka. Alikuja akasimama mlango wa jikoni, akatazama TV, ndege bado iko hewani, akasema neno moja: "Leteni." Kaka akang'oa waya, mikono inatetemeka, picha ikajikunja ikawa kitone. Betri ikarudishwa kwa gari. Gari likakohoa likakataa. Betri ilikuwa imekwisha!

Wale wale waliokuwa wakicheka ndio walisukuma. Matope ya Aprili, miguu mitupu, hadi mteremko wa kwenda mtoni, Baba akaachia klachi ikashika gia ya pili. Wifi nyuma kwenye godoro amemkaba Mama shingo. Alijifungua hospitalini kabla jua halijatoka. Msichana, mzima kabisa.

Ile ndege sikujua kama ilitua.

Omera_Kondele
Ilitua. Muvi za TV ndege hutua, halafu yule abiria anampata mhudumu.

Nyar_Alego
Mama! Nimesoma nimeshika kifua. Huyo mtoto yuko wapi sasa?

Binti_wa_Chwele
Yuko Bungoma, anafundisha. Ana watoto wake.

Fundi_Langalanga
Hadithi nakubali, betri nakataa. Great Wall ya nyeusi na nyeupe inakula umeme kidogo sana. Haimalizi betri nzima ya gari kwa jioni moja.

Nyar_Alego
Fundi, mwanamke ana uchungu, wewe unatuletea volti?

Binti_wa_Chwele
Walikuwa wanaitoa karibu kila usiku, Fundi. Na gari lilikuwa linatoka siku ya soko tu.

Fundi_Langalanga
Basi hapo sawa. Haikuwa inapata muda wa kujichaji. Pole dada.

Mzee_wa_Milimani
Vijana, si zote zilichekwa. The Day After ya 1983, ya vita vya nyuklia, Marekani iliangaliwa na watu kama milioni 100. Tulipoiona kwa kaseti mtu mmoja alijaribu kuanza utani, akaambiwa atoke nje.

Kijana_Free_Area
Nyinyi mnajisifu kuongea juu ya muvi. DJ Afro, yule anayerekodi sauti yake juu ya muvi, amefanya hivyo vizuri zaidi, kwa Kiswahili, na unasikia kila kitu.

Wa_Bondeni
DJ Afro namheshimu. Lakini yeye ameshamaliza kusema kabla hujabonyeza. Kwetu yule bubu wa kona, aliyekaa mwezi mzima bila neno, siku moja anatoa moja tu na nyumba inaanguka. Hiyo huwezi kurekodi. Ndiyo sababu kijana wangu peke yake na simu ananihuzunisha.

Mwana_wa_Shinyalu
Mnyang'anye simu.

Nyar_Alego
Usimnyang'anye, kaa naye. Ila usimwambie mwisho.

Omera_Kondele
Mwambie mwisho mapema! Akijua mwisho ndio ulimi unafunguka.

Mzee_wa_Milimani
Wa_Bondeni, Jumamosi lete hiyo ya lori kwangu, nina ukuta mweupe. Kijana umlete na marafiki zake, wasipungue sita.

Fundi_Langalanga
Projekta ninayo, ila upande wa sauti ulikufa.

Wa_Bondeni
Lete hivyo hivyo. Na benchi, kama unalo.