ST3000DM001 (TB 3): kuendelea nayo, kuitoa sasa, au kungoja ife? Tuzilinganishe njia

Mhifadhi_Data
Wakuu, diski (hard disk) za Seagate Barracuda za TB 3, modeli ST3000DM001, bado zimo ndani ya seva ndogo za ofisi, rekoda za kamera na makasha ya USB. Nyingine zinauzwa mitumba. Kwa asiyejua historia yake: Backblaze, kampuni ya Marekani ya kuhifadhi data, ilifunga kwenye seva zake zaidi ya diski 4,800 za modeli hii kuanzia 2012. Kwa kawaida yao, asilimia 80 ya diski hufikisha miaka minne. Kwa hizi, hadi mwisho wa Machi 2015 zilikuwa zimebaki kazini asilimia 10 tu ya zile zilizofungwa 2012. Februari 2016 kesi ya pamoja ya wateja ikafunguliwa California.

Njia za kupima:
A. Kuiacha kazini na kuifuatilia kwa SMART (takwimu za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe).
B. Kuweka diski nafuu ya kompyuta ya mezani.
C. Kuweka diski ya NAS (iliyotengenezwa kwa seva ya mafaili inayowaka muda wote).

Msimamo wangu ni C, na ifanyike diski ikiwa bado inasomeka. Tupeane sababu.

Fundi_Sata
Naanza na A, maana ndiyo wengi wanaichagua kwa kuwa haina gharama leo.

Kwenye Linux toa amri `smartctl -a /dev/sdb` (`sdb` ni jina la diski yako), kisha soma safu ya mwisho ya mistari mitano: 5 (sekta zilizohamishwa), 187 (usomaji ulioshindikana kabisa), 188 (amri zilizopitiliza muda), 197 (sekta zinazosubiri kuhamishwa) na 198 (sekta zisizosomeka). Kwenye modeli hii, 187 au 197 ikitoka tu kwenye sifuri, usisubiri wiki. Msitishwe na mistari ya 1 na 7. Seagate hubana hesabu mbili ndani ya namba moja, makosa na idadi ya kazi zilizofanyika, kwa hiyo hata diski nzima huonyesha mamilioni. Na 199 ikipanda, badilisha kwanza waya wa SATA. Mara nyingi diski haina kosa.

Udhaifu wa A ni huu: Backblaze walipochambua diski zao zilizokufa, karibu robo hazikuwa zimeonyesha chochote kwenye mistari hiyo mitano. Kwa hiyo SMART ikisema "PASSED" usilale ukidhani data iko salama.

Bi_Seva
Tuitendee haki modeli hii kidogo. Hii ni diski ya mezani: karatasi yake ya kiwanda inaihesabia saa 2,400 kwa mwaka, yaani saa sita na nusu hivi kwa siku. Mwaka mzima una saa 8,760. Ukiifunga kwenye rekoda ya kamera inayoandika usiku na mchana, umeitumia zaidi ya mara tatu na nusu ya ilivyokusudiwa. Pia makasha ya Backblaze yalibeba diski 45 kila moja, zikitetemeshana, na baadhi zilichomolewa kwenye diski za nje za USB kwa sababu mafuriko ya Thailand ya 2011 yalipandisha bei.

Mhifadhi_Data
Nakubali mazingira yalikuwa magumu, Bi Seva. Lakini makasha hayo hayo yalikuwa na diski nyingine za mezani, na ST4000DM000 ya TB 4, ya Seagate hao hao, haikupata balaa kama hilo. Ndiyo maana nasema tuhukumu modeli, tusihukumu kampuni nzima. Soma namba kwenye lebo.

Fundi_Sata
Anayelazimika kukaa na A kwa muda apunguze diski kuegesha vichwa vyake vya kusomea kila mara: `hdparm -B 255 /dev/sdb`. Amri hiyo hupotea umeme ukizimwa, hivyo andika `apm = 255` kwenye `/etc/hdparm.conf`. Halafu tazama mstari wa 193 wa SMART, unaohesabu kuegesha huko. Ukiacha kukimbia, imekubali. Weka na UPS (betri ya akiba), kwa sababu kila umeme ukikatika ghafla vichwa huvutwa kwa nguvu, na mstari wa 192 huongezeka.

Kijana_wa_Mtandao
Wakuu, kwa nini B isitoshe? Tofauti ya bei inaonekana, na diski ya mezani mpya ni mpya.

Bi_Seva
Kwa sababu ya SMR, mdogo wangu. Diski za aina hiyo hupanga njia za kuandikia zikilaliana kama mabati ya paa. Kubadilisha bati moja kunalazimu kuyainua yanayolilalia, kwa hiyo maandishi mengi mfululizo huikwamisha. ST4000DM004 ya mezani ni SMR. Ukiiingiza kwenye RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja), kujenga upya kunaweza kula siku badala ya saa, na wakati wote huo diski zilizobaki, ambazo ni za umri na modeli ile ile mbovu, zinasomwa bila kupumzika. Hapo ndipo ya pili hufa.

Usidanganywe na neno NAS peke yake pia. WD Red WD40EFAX ni SMR, na jambo hilo lilijulikana wazi 2020 tu. Salama ni WD Red Plus au IronWolf, ambazo ni CMR, yaani njia zake hazilaliani. Kwa bakapu ya nje inayoandikwa mara moja kwa wiki, B inafaa kabisa.

Mzee_Linux
Sasa namna ya kubadilisha, maana watu hupoteza data hapa. Tuseme ni RAID 5 ya diski nne, inayovumilia diski moja tu kufa. Usichomoe diski ya zamani kwanza! Ukichomoa, unabaki bila akiba, na TB 9 lazima zisomwe bila kosa hata moja.

1. Fanya bakapu kwenye diski iliyo nje ya RAID.
2. Kwa kila diski, ikomeshe kuhangaika na sekta mbovu baada ya sekunde saba: `smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdX`. Ikijibu kwamba haiungwi mkono, andika `echo 180 > /sys/block/sdX/device/timeout`. Bila hivyo, Linux husubiri sekunde 30 tu, kisha huihesabu diski imekufa wakati inahangaika na sekta moja.
3. Chomeka diski mpya kwenye tundu la ziada, kisha: `mdadm /dev/md0 --add /dev/sde`
4. `mdadm /dev/md0 --replace /dev/sdb --with /dev/sde`

Amri ya nne hunakili ya zamani kwenda mpya huku ya zamani ikiendelea kuhesabika. Kwa MB 150 kwa sekunde, TB 3 ni saa tano na nusu hivi. Rudia kwa kila diski.

Kijana_wa_Mtandao
Shikamoo mzee. Na kama imeshaanza kugongagonga?

Mzee_Linux
Marahaba. Ikigonga, zima mara moja. Kichwa kilichoharibika kikiendelea kupita hukwangua sahani, unga wake ukavuruga vichwa vingine. Ndani mna sahani tatu.

Kama haigongi ila inasoma polepole, inakili kutoka `sdb` (mbovu) kwenda `sdc` (mpya): `ddrescue -f -n /dev/sdb /dev/sdc ramani.log`, kisha `ddrescue -d -f -r3 /dev/sdb /dev/sdc ramani.log`. Ya kwanza huokoa palipo rahisi, ya pili hurudia palipokwama. Kagua mara mbili ipi ni `sdb`, ukigeuza umefuta kila kitu. Diski ya kupokea iwe na sekta 5,860,533,168 au zaidi. Iunganishe kwa SATA, USB 2.0 kwa MB 30 kwa sekunde itachukua zaidi ya siku nzima.

Fundi_Sata
Nyongeza moja: kuazima bodi ya diski nyingine ya modeli hiyo hakusaidii peke yake. Chipu ndogo ya miguu minane kwenye bodi hubeba vipimo vya vichwa vya diski husika, na lazima ihamishwe kwa hewa ya moto. Mara nyingi kosa la modeli hii si bodi.

Kijana_wa_Mtandao
RAID yangu ni ya TB 3. Nikiingiza TB 4 itakubali?

Mzee_Linux
Itakubali, itatumia TB 3 tu. Zote nne zikishakuwa za TB 4, toa `mdadm --grow /dev/md0 --size=max`, ndipo upanue mfumo wa mafaili.