Gemu jipya la Riot litaweza kuipiku World of Warcraft?

kijana_wa_Kisasa

Wakuu habari za jioni. Leo kijiweni kwetu hapa mtaa wa Kisasa, Dodoma, tumebishana kuanzia saa kumi mpaka mwenye PC zake katufukuza anataka kufunga, na bado hatujaelewana, ndo maana nimekuja kwenu. Riot, wale wenye gemu la League of Legends, walishasema tangu Desemba 2020 kwamba wanatengeneza gemu kubwa la mtandaoni, yale ya kuunda mtu wako unampandisha leveli na kuishi kwenye dunia moja na maelfu ya watu, na dunia yenyewe ndo ileile Runeterra ya League of Legends. Mimi nasema hilo likitoka World of Warcraft (WoW) kwisha habari yake. League ipo tangu 2009, watu wanawajua wahusika wake kina Yasuo na Jinx kabla hata gemu halijatoka, na Arcane, ile tamthilia ya katuni iliyotokana nayo, imewavuta mpaka wasiocheza kabisa, dada yangu hajawahi kushika hata pedi ya gemu ila Arcane kaimaliza kwa siku mbili na analilia nyingine. WoW ni ya 2004 jamani. Wenzangu wanasema najidanganya. Nyie mnaonaje?

tanki_la_Ihumwa

Mdogo wangu, hiyo hadithi nimeshaisikia mara nyingi mno. Desemba 2011 ilitoka Star Wars: The Old Republic, jina kubwa kuliko hata League, na haikumaliza mwaka wakafungulia watu kucheza bure maana wa kulipia walikuwa wanaondoka. WildStar ikatoka 2014, 2018 ikafungwa kabisa. New World ya Amazon 2021 ndo nilijua sasa mwisho wa WoW umefika, siku za mwanzo kule Steam, duka la gemu za kompyuta, kulikuwa na watu zaidi ya laki tisa kwa wakati mmoja, unapanga foleni masaa kuingia seva, miezi michache mbele seva zinaunganishwa kwa kukosa watu.

Zote hizo grafiki zake ziliipita WoW mbali. Kilichowamaliza ni kwamba mtu anafika leveli ya mwisho ndani ya wiki tatu halafu anajiuliza sasa nifanye nini, na jibu hakuna. WoW ukimaliza mabosi, yaani wale maadui wakubwa, wa wiki hii, wiki ijayo wanarudi upya na zawadi zao, na nyuma yako kuna miaka zaidi ya 20 ya vitu hujavigusa.

Halafu hilo gemu lenyewe liko wapi? Greg Street aliyekuwa analiongoza aliondoka 2023. Machi 2024 Marc Merrill, mmoja wa waanzilishi wa Riot, akatoka mwenyewe kusema wameanza upya kwa sababu walichokuwa nacho hakikutofautiana vya kutosha na yaliyopo, na kwamba watakaa kimya miaka kadhaa.

kijana_wa_Kisasa

Si ndo vizuri hapo kaka! Anayekubali kubomoa nyumba kabla hajapaua huyo anajua anachojenga. Na mfano upo, Final Fantasy XIV ilitoka 2010 ikawa mbovu kweli kweli, wakaizima 2012, Naoki Yoshida akaijenga upya ikarudi 2013 na leo ndo inayokaa meza moja na WoW.

mponyaji_Makulu

Naomba niongee kama mtu ambaye WoW naicheza kila wiki. Ada yake dola 15 kwa mwezi, kwa mwanafunzi hiyo ni hela ya kula siku kadhaa, mimi siku hizi nachuma majani humo ndani nauza napata dhahabu, dhahabu nanunulia tokeni inayolipia ada ya siku 30, mfukoni sitoi kitu. Kazi yangu kwenye kikosi ni kuponya wenzangu.

Januari mwaka huu, saa nane usiku, tuko watu 20 kwa bosi ambaye alitutesa wiki tano. Kabakiza uhai asilimia 4. Nje radi, mvua inapiga bati, umeme ukakatika. Laptopu ina chaji ila ruta imezima, nikawasha intaneti ya simu, bando limebaki MB 300, mikono inatetemeka hata neno la siri nikakosea mara mbili. Nilijua nafasi yangu kapewa mtu mwingine. Naingia nakuta wote 19 wamekufa, wamefufuka, wamewasha moto wa kupikia pale mlangoni wamekaa wananisubiri. Wapo wa Poland, Uturuki, Misri, kesho yake wengine wanaenda kazini. Tukarudi tukamuua.

Mdogo wangu, Riot watanipa Jinx sawa, ila wale 19 nitawatoa wapi? Gemu jipya linabidi linipe sababu ya kuwahamisha wote kwa pamoja, mmoja mmoja hatutoki.

fundi_pc_Majengo

Dada umeongea, ila niwarudishe hapa nyumbani. WoW haina seva Afrika, tunatumia za Ulaya, hapa Dodoma pingi yangu, yaani muda wa kufika seva na kurudi, inacheza milisekunde 180 mpaka 210. Na vijana wanaoniletea mashine wengi wana PC za mtumba zilizotoka maofisini, RAM GB 8, diski ya zamani ile inayozunguka, WoW inataka SSD, diski ya kisasa yenye kasi, na nafasi kubwa, unamwambia bei ya SSD anakaa kimya. Hao nawawekea gemu la Old School RuneScape, kwenye simu ipo tangu 2018, seva yake inahesabu hatua za wachezaji kila sekunde 0.6 kwa hiyo pingi ya 200 hata huisikii. League yenyewe inakubali mashine dhaifu na ni bure. Riot wakilitoa hili jipya kwa mtindo huohuo, kwa mtaa wangu WoW imepigwa asubuhi na mapema, grafiki haina la kusema hapo.

kijana_wa_Kisasa

Kaka hiyo ya SSD umenigusa, ndo mimi kabisa. Dada mponyaji, kwenye kikosi chenu mgeni anapokelewa?

mponyaji_Makulu

Anapokelewa. Anza na akaunti ya bure, inakufikisha leveli 20, chagua seva za Ulaya. Akaunti ya bure haikuruhusu kuingia gildi, yaani kikundi cha kudumu cha wachezaji, ila tunaweza kutembea pamoja. Niandikie pembeni jina la mtu wako, Jumatano usiku baada ya mabosi nitakufuata hukohuko unakoanzia.