Mrejesho: sukuma wiki bila friji

Wiki tatu zilizopita niliuliza nifanye nini sukuma isigeuke manjano siku ya pili. Chumba changu Kayole, Nairobi, hakina friji, na bajeti ya mboga ni shilingi 300 kwa wiki. Asanteni sana mliojibu.

Aliyeniambia niache kununua iliyokatwa tayari kwa mama mboga, Mungu ambariki. Sasa Jumamosi nabeba majani mazima kutoka soko la Marikiti, natoa yaliyochubuka, nasimamisha vikonyo kwenye mkebe wa maji kama maua, juu nafunika na leso iliyoloweshwa na kukamuliwa. Jumanne bado yako sawa. Jumatano kingo zinaanza manjano, napika hivyo hivyo.

Kabeji nabandua jani kwa jani badala ya kuikata katikati. Ya mwisho ilifika siku tisa.

Nyanya zimenishinda. Tamaa ya bei ilinifanya ninunue ndoo nzima, nusu zikaoza (jirani alidhani kuna panya amekufa). Majani ya kunde nayo niliyachemsha kidogo nikayaanika juu ya paa, mvua ikanyesha nikiwa kazini. Nitajaribu tena Januari jua likiwaka.