Nimepangiwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) Mafinga na mwili sio wa mazoezi kabisa, nianzie wapi?

Kuruta Mtarajiwa:
Shikamooni wakubwa. Nimemaliza form six juzi tu hapa na jina limetoka, nimepangiwa kambi ya Mafinga kwa ile miezi mitatu ya mafunzo ya mujibu wa sheria. Sasa mimi nilikuwa mtu wa kitabu na kulala, ngazi za hosteli tu zilikuwa zinanitoa jasho, na kinachonitisha kuliko hata mbio ni maafande maana mtu akinifokea huwa nalia hapohapo. Zimebaki kama wiki tatu. Nifanyeje?

mzee wa kwata:
Marahaba binti. Kwanza usikurupuke. Watu wakipangiwa tu wanaanza kilomita kumi kila asubuhi, wiki ya pili ugoko unawaka moto na wanaripoti wanachechemea, kwa sababu pumzi inakuja haraka ila mifupa inachelewa kuzoea. Wewe kimbia dakika mbili tembea mbili, nusu saa basi, kesho yake pumzika, halafu uwe unaongeza kidogokidogo. Na ujue mchakamchaka sio mashindano, mnaenda kundi zima na nyimbo juu, kwa hiyo jizoeze kukimbia huku unaimba, ukiona huwezi kuimba punguza spidi. Kingine anza kuamka saa kumi alfajiri kuanzia kesho, maana usingizi ndio unaomaliza watu kule, mbio wala sio ishu.

Chuma Hakiliwi:
Mzee unamdekeza, akapige kumi tu akomae

mzee wa kwata:
Akomae na POP, ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika, mguuni?

mama kijacho:
Mdogo wangu hapo kwenye kufokewa, afande hana habari na wewe, anafokea kombania nzima na kesho hata jina lako hakumbuki. Itikia "ndiyo afande", fanya ulichoambiwa, yameisha. Ukilia lia huku unakimbia, wengi tu tulilia na tukamaliza. Na usikae kuhesabu miezi mitatu utachanganyikiwa, wewe waza kufika chai, ukishakunywa chai waza kufika mchana. Beba na nguo za baridi za maana, Mafinga mwezi wa sita sio mchezo. Halafu kama una pumu au sikoseli usifiche eti watakucheka, nenda na vyeti vya hospitali uwaambie siku ya kuripoti.

Kuruta Mtarajiwa:
Asanteni sana jamani, pumu sina. Raba ninazo nyeupe, nizianze hizo au ninunue mpya?

mama kijacho:
Soma tangazo la JKT vizuri, wanataka kijani au bluu. Nunua wiki hii na ukimbilie hizohizo, ukienda nazo mpya malengelenge yatakutoa machozi kabla hata afande hajafungua mdomo.

Chuma Hakiliwi:
Na ugali maharage anza kuuzoea leo 😂