Naomba ushauri: tangi la kukuzia vifaranga wa samaki aina ya duboisi

Habari za leo wakuu. Nipo Tabata, nina vifaranga 20 wa Tropheus duboisi, wale wa Ziwa Tanganyika. Wana kama sentimita 3, bado weusi wenye madoa meupe. Wako kwenye tangi la lita 60 na mmoja keshaanza ubabe: wenzake wamejibana nyuma ya chujio, mapezi yamechanika. Nimepanga mawe upya, wakatulia kidogo, kisha yaleyale. Chakula ni cha mwani. Vya nyama naviogopa, huwavimbisha matumbo.

Fundi vioo anaweza kunitengenezea la lita 200 au 300 (bei, mh!). Je, lita 200 zitawatosha wote 20 mpaka wakubwa? Au nipunguze idadi, ingawa nasikia wakiwa wachache ndiyo wanauana zaidi?